Wiki Gesi ya Magharibi Ilipofungwa

3 Machi

Joto limeingia bila kubisha hodi. Juzi tulikuwa bado tunajifunika shuka, leo hata mbwa wa ofisi amehamia bafuni chini ya bomba linalovuja na hatoki kwa kubembelezwa wala kwa mfupa.

Bosi Thawat amenipa kazi ya msimu: kuandika makadirio ya gesi na umeme kwa ukanda wetu wa magharibi, kuanzia sasa mpaka mvua zishuke. Gesi itakuja kiasi gani, umeme utatakiwa kiasi gani, na je, cha kwanza kitatosha kukizalisha cha pili?

"Ni hesabu ya mpishi tu, Bi Wannipa," akasema. "Mchele uliopo, midomo iliyopo."

Nikamwambia mpishi anaiona midomo, mimi naona mistari ya matumizi ikipanda na kushuka kwenye kompyuta. Akacheka, akaenda zake kula tambi. Nikabaki na mistari yangu.

6 Machi

Feni ya ofisini inanguruma bila kutoa upepo. Bosi ameahidi mpya. Mwaka jana pia aliahidi.

9 Machi

Leo tumeletewa Itthi kutoka kampuni ya gesi. Atakaa nasi hadi msimu uishe, tupate habari za bomba papo hapo bila kuandikiana barua. Ana miaka thelathini na kitu, mdomo wake haupumziki, na asubuhi kabla hata hajanisalimu alikwenda kwenye kibanda cha mizimu pale getini akaweka chupa ya soda nyekundu, na mrija ndani yake.

"Wewe ni mhandisi," nikamwambia. "Mizimu inajua nini kuhusu gesi?"

"Dada, gesi inatoka chini ya ardhi. Na wao wanakaa huko huko."

Nikaenda kumtafutia meza. Lakini lazima niseme anaijua kazi. Nchi nzima tunakula gesi ya njia tatu: ya visima vya Ghuba, baharini kwetu, ya meli iliyopozwa mpaka ikawa maji, na ya magharibi inayovuka milima kutoka Burma. Mitambo yetu miwili hapa Tha Krabok imezoea hiyo ya magharibi. Kila mwaka wenye visima huifunga siku chache kwa matengenezo, na kila mwaka huchagua Songkran, mwaka mpya wetu wa kumwagiana maji, maana sikukuu hiyo viwanda hufungwa, watu huhama mji mkuu, na matumizi ya umeme ya taifa hushuka mpaka raha. Siku hizo mtambo wetu mmoja huzimwa kabisa, wa pili hupewa gesi ya Ghuba kwa bomba jembamba, na umeme unaopungua huletwa na nyaya kutoka mashariki. Nyaya nazo zina kikomo. Itthi anasema mwaka huu ni tarehe 11 hadi 16 Aprili.

14 Machi

Nimekwenda kumsalimia Mama mtaa wa mtoni, nikamkuta Dada Lamduan kwenye kiwanda chake cha barafu, ubavuni mwa nyumba, akimfokea dereva. Dada yangu ana njia moja ya kuzungumza, nayo ni kufoka. Akifurahi anafoka, akisikitika anafoka.

"Oo, Bi Umeme kaja! Bili yangu ya mwezi huu umeiona? Au huko ofisini mnaipigia magoti na kuiabudu?"

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Kula kwanza, Pum, umekonda kama mti wa taa."

Nyumbani bado mimi ni Pum. Na sijakonda. Nimenenepa, na yeye anajua. Ana kompresa nne kubwa za kutengeneza baridi, ghala moja la baridi, na mapipa ya kugandisha yaliyopangwa sakafuni, na baada ya kiwanda cha saruji hakuna mtu katika wilaya hii anayekula umeme kumzidi. Anaugua kila baht anayolipa. Nadhani angeweza kugandisha barafu kwa ubahili wake peke yake, asihitaji umeme.

20 Machi

Makadirio yamekamilika! Kurasa arobaini, michoro ya rangi. Gesi ya magharibi ikifungwa, matumizi ya Songkran yatashuka kama kawaida, nyaya zitatosha, na tutabakiwa na akiba nzuri. Bosi Thawat ameyasoma yote, nakala imekwenda mji mkuu, na amesema mbele ya watu kwamba ni kazi safi. Nimejinunulia maembe mabichi na mchuzi wake mtamu, nikala peke yangu nikitabasamu.

24 Machi

Mvua ile ndogo ya kuosha maembe bado haijanyesha. Kawaida ingekuwa imekwishapita.

25 Machi

Haijanyesha.

28 Machi



Leo mchana kaka yetu mdogo, Chet, alinipigia simu kutoka mji mkuu. Anakuja Songkran na mkewe na watoto wote, na ameshampangia Mama zawadi. Nikadhani kitambaa cha hariri na sabuni za kunukia, kama miaka yote. Kumbe ni kiyoyozi. Amekilipia, kinachotakiwa ni mtu wa kwenda dukani kuwahimiza mafundi wakifunge kabla ya sikukuu. Mtu huyo ni mimi, bila shaka.

Nikaenda dukani. Foleni imefika barabarani. Mwenye duka, jasho linamtiririka, ananiambia nisubiri zamu, mafundi wake hawajalala nyumbani siku ya tatu.

"Kuna nini?" nikamuuliza. "Joto tu?"

"Joto na adabu, mama! Kila mtoto aliyeko mjini anamletea mama yake eisii mwaka huu. Mmoja kaanza, jirani kaona, basi. Mzazi asiyeletewa anaona kama kazaa mawe."

Nilicheka. Nikaendelea kucheka mpaka nje, nikapanda pikipiki yangu, na njiani kicheko kikanikauka. Makadirio yangu yanasema watu wanahama mji mkuu wakati wa Songkran. Ni kweli, wanahama. Wanahamia wapi? Wanahamia hapa! Nyumba ya Mama ina watu watatu mwaka mzima, na Songkran inalaza kumi na tisa. Taifa zima linapumua, na ukanda wetu unabanwa. Miaka yote hii nyongeza hiyo ilikuwa ya feni na balbu, haikuonekana kwenye mstari. Mwaka huu kila nyumba ina kiyoyozi kipya, na watu wote watatoka kumwagiana maji jioni, wataoga, watafunga madirisha, na watabonyeza kitufe kwa pamoja. Sote pale ofisini tunakwenda makwetu kila Songkran, tunalala kumi katika chumba kimoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa akafikiri kwamba wale kumi ni mahitaji ya umeme.

Nimekaa na hesabu tangu jioni. Mtambo mmoja umezimwa, wa pili unakula kwa kijiko, nyaya zimejaa: tunapungukiwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, kila siku ya sikukuu. Kurasa arobaini, michoro ya rangi. Natamani kuzitafuna.

29 Machi

Nimemwambia Bosi. Nilidhani atanipasua. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama yangu nimemnunulia eisii mbili," akasema.

Hatuwezi kuwaomba wenye visima wasogeze tarehe, meli ya ukarabati imekwishatia nanga visimani, huko baharini. Dizeli iliyopo kwenye matangi yetu ni ya kuwashia mtambo ukizimika, si ya kulisha wilaya. Kilichobaki ni kupunguza walaji. Kuna viwanda vinne vya baridi ambavyo havifungwi sikukuu: cha samaki, cha kuku, cha nyama, na cha barafu. Vikizima kompresa zao saa hizo tatu za jioni, tunapita, kwa kupenya. Wakikataa, itabidi mgao wa umeme, na mgao utaanzia mtaa wa mtoni, maana ndiko waya mkubwa unakoishia. Siku ya Songkran, wazee wote nyumbani, wajukuu wote nyumbani, halafu giza. Hili sitalikubali hata kidogo.

2 Aprili

Wenye samaki, kuku na nyama wamenijibu kwa sauti moja kama waliofanya mazoezi: "Lamduan akizima, na sisi tutazima." Joto la leo limepasua ndoo ya plastiki uani.

3 Aprili

Nimekwenda kwa Dada na karatasi ya makubaliano, na fidia iliyoandikwa kwa tarakimu nzuri. Akasoma fidia kwanza.

"Hii haitoshi hata chumvi ya kugandishia."

"Dada, ni saa tatu tu kwa siku."

"Saa tatu zipi? Zile wauza soda wote wanakuja kuchukua barafu ya kesho yake! Songkran nauza nusu ya mwaka mzima, Pum. Nusu! Hekalu lina oda yangu, gwaride lina oda yangu. Niwaambie nini, kwamba mdogo wangu kakosea hesabu?"

"Nimekosea, ndiyo. Nisaidie basi."

"Ulipotaka kusoma, nani alisaidia? Ulipotaka pikipiki? Sasa unataka na barafu yangu!"

Hapo nami nikafoka, maana damu ni moja. Nikamwambia anapenda pesa kuliko mtaa aliozaliwa. Akanitazama, akaikunja ile karatasi polepole, akanirudishia. Hakufoka. Ndiyo mara ya kwanza, na sikuipenda.

4 Aprili

Hatuongei.

5 Aprili

Bado. Itthi ameona uso wangu, akaniletea soda nyekundu. Nikamuuliza mimi nimekuwa mzimu lini. Akasema, "Tangu juzi, Dada." Nimeinywa yote.

6 Aprili

Mama alinipigia simu asubuhi. "Njoo ule," akasema, akakata. Nikaenda. Alikuwa ametengeneza wali wa maji ya maua, ule wa msimu wa joto unaoliwa na barafu, na mipira yake ya samaki na pilipili iliyojazwa. Akatukalisha mimi na Dada mkeka mmoja, akatuwekea bakuli moja kubwa la barafu katikati tuchotee wote, kisha akaenda zake kumwagilia maua yasiyohitaji maji.

 Dada akatia barafu katika bakuli langu bila kuniangalia. Nikajua mlango umefunguka kidogo, nikapenyeza mguu.

"Dada, barafu ni umeme uliolala. Ukiigandisha alfajiri na adhuhuri, wakati umeme ni mwingi, jioni huhitaji kuwasha kitu. Unauza tu."

"Umeme uliolala!" akabetua mdomo. "Na huo umeme wako uliolala nitaulaza wapi? Ghala langu linatosha barafu ya siku moja. Ya ziada itayeyuka, niiuze kwa ndoo?"

Akachota wali, akatafuna, akaacha kutafuna. Namfahamu akiacha kutafuna.

"Baba alikuwa anazika," akasema. "Kabla hatujawa na ghala. Mapande makubwa, anayafukia kwa pumba za mpunga banda zima. Siku nne yalikuwa hayapungui hata shubiri."

"Pumba si zimejaa kinuni?"

"Zimejaa. Na nani atazibeba? Vijana wangu wana kazi." Sasa alikuwa ananitazama, na macho yake yanacheka. "Wewe umenenepa, una nguvu."

Akatia sahihi kwa mkono wenye mafuta ya samaki. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu, siku zote za sikukuu. "Ikifika saa tatu nawasha," akasema, "sitaki kusikia simu. Usije ukaniomba hata dakika moja zaidi."

Nikamwapia sitaomba.

8 Aprili

Nimebeba pumba siku mbili. Zimeingia masikioni, kwenye nywele, na mahali pengine nisipoandika. Itthi amekuja kusaidia baada ya kazi bila kuombwa, akabeba magunia kunizidi, akiimba vibaya. Dada alisimama juu ya ngazi akifoka: "Huku juu nyembamba! Ongeza! Mnazika barafu au mnapaka poda?" Banda limejaa mapande meupe mpaka karibu na paa, yote chini ya pumba. Ni kama tumezika baridi ya mwezi mzima.

9 Aprili

Samaki, kuku na nyama wametia sahihi.

11 Aprili

Gesi ya magharibi imefungwa adhuhuri. Itthi ametuonyesha shinikizo la bomba likishuka taratibu kwenye kioo cha kompyuta. Mtambo wa kwanza umezimwa, na ukimya wake umenishtua, maana mngurumo wake nimeuzoea kuliko sauti ya jirani. Jioni tumepita salama.

12 Aprili

Magari kutoka mji mkuu yameanza kuingia. Chet amefika na kiyoyozi kimefungwa. Mama amekiwasha, amekaa chini yake na sweta.

13 Aprili

Songkran. Nimekwenda kazini nimelowa chapachapa, watoto wa mtaa wetu hawajui kitambulisho cha serikali. Jioni mstari ulipanda kama nilivyoandika tarehe 28, karibu sawasawa, ukafika karibu na kikomo, ukasimama. Saa kumi na mbili kamili viwanda vinne vilizima, na saa tatu vikawasha. Bosi Thawat amenipa mkono. Nimefurahi mpaka nikaona aibu kufurahi hivyo kwa sababu ya mstari.

14 Aprili

Niandike kila kitu, maana kesho nitadhani nimeota.

Mchana ulikuwa wa moto kuliko siku zote. Saa kumi na moja na nusu jioni Itthi alipokea simu, akaja mbio mezani kwetu. Mashine moja ya kusukuma gesi huko Ghubani imepata hitilafu. Hakuna aliyeumia, na inatengenezwa, lakini mpaka kesho asubuhi kile kijiko tulichokuwa tunalishiwa kitakuwa nusu kijiko.

"Nusu?" Bosi akauliza.

"Nusu, Bosi. Bombani imebaki gesi ya kutuvusha kama saa mbili kwa kiwango cha kawaida. Siwezi kukudanganya." Angeweza kututuliza kwa namba tamu, wengine wangefanya hivyo. Nilimheshimu hapo hapo.

Saa kumi na mbili viwanda vinne vilizima, kama kawaida. Saa moja mstari ukapanda. Walikuwa wanarudi kutoka mtoni, wanaoga, wanabonyeza. Nilikuwa nawaona kabisa, nyumba kwa nyumba, kina mama na masweta yao. Mtambo wa pili ulianza kulegea. Taa za ofisini zikafifia kidogo, zikarudi. Bosi akachukua ramani ya mgao, akaweka kidole mtaa wa mtoni.

"Saa mbili na nusu," akasema. "Mstari usiposhuka, nakata. Nikichelewa, tutazimika wilaya nzima, na kuwasha upya ni mpaka asubuhi. Na saa tatu viwanda vinawasha. Bi Wannipa, mpigie dada yako. Mwombe aongeze muda. Wale wengine watamfuata."

"Nilimwapia sitaomba."

"Nakuelewa. Mpigie."

Nilishika simu. Nilimwona Dada amesimama mbele ya wauza soda, wote wananyosha mikono, na mimi namwomba tena. Pikipiki, masomo, barafu, sasa na neno lake pia.  Lakini nilimwona Mama pia, gizani, siku ya Songkran. Nikapiga.

Ikaita. Hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga simu ya kiwandani, ikaita mpaka ikakata yenyewe. Nikajua ameniona kwenye simu na ameamua.

"Hapokei," nikasema.

Saa mbili na robo. Bosi akanyanyua simu ya chumba cha swichi. Itthi alikuwa amekodolea kioo. "Ngoja, Bosi," akasema. "Ngoja, ngoja. Unashuka."

Tukasogea wote. Kweli ulikuwa unashuka. Kidogo, kisha zaidi, kama watu wanaotoka ukumbini. Nikadhani waya mahali fulani umekatika. Tukaangalia swichi zote, zote nzima. Hakuna kilichoharibika popote na mstari unashuka! Kwa kazi yangu hiyo inatisha kuliko kupanda. Umeme wa mtaa wa mtoni ulikuwa unaachwa tu, nyumba baada ya nyumba.

Nikampigia Chet. Alipokea akipiga kelele juu ya kelele nyingine.

"Pum! Njoo hekaluni! Watu wote wako huku!"

"Huko kuna nini?"

"Dada kafukua banda! Kaona taa zinafifia, akasema hapa kuna jambo, mdogo wangu kabanwa huko. Kapakia barafu kwenye magari yote, kamwaga mapande uwanja mzima wa hekalu, kisha kachukua kipaza sauti cha watawa. Subiri, msikilize, bado anacho!"

Akaielekeza simu. Nikaisikia sauti ya Dada Lamduan, inafoka, mtaa mzima:

"...na wewe Bunrot, nakuona dirishani! Zima hiyo eisii, mlete mama yako hapa akae karibu na barafu, ni ya bure! Bure, nimesema! Kina mama, washikeni watoto wenu masikio! Nanyi wa mjini, mmewaletea wazazi upepo halafu mnakaa kila mtu na mlango wake, mmekuja kusalimia ukuta? Tokeni nje! Nyumba nitakayoiona ina taa, kesho naifuata!"

Itthi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bosi Thawat alirudisha simu ya swichi mahali pake, taratibu, akavua miwani, akaifuta.

Saa tatu ikafika. Niliusubiri mstari uruke, kompresa nne ziwake. Haukuruka. Samaki, kuku na nyama nao hawakuwasha. Nilimuuliza Chet kwa nini Dada hajawasha, akasema alimuuliza, akajibiwa: "Pum hatapiga simu, ana kiburi kama Baba. Kwa hiyo mimi siwashi." Simu yenyewe alikuwa ameisahau kiwandani, juu ya mizani. Hajui mpaka sasa kwamba nilipiga.

15 Aprili

Mashine ya Ghuba imepona alfajiri. Kijiko kizima. Bosi anataka maelezo ya maandishi kwa mji mkuu: ni nini kilichopunguza mahitaji ya mtaa wa mtoni kwa robo nzima ndani ya nusu saa? Itthi amependekeza niandike "hali ya hewa". Nimeandika yaliyotokea, na jina la dada yangu, na Bosi amelipitisha bila kufuta neno.

Nilipotoka nilikwenda kiwandani. Banda ni pumba tupu, zimelowa, zimesambaa mpaka barabarani. Barafu ya gwaride ilikwenda yote hekaluni, na Dada alikuwa ameshinda asubuhi nzima akiwaomba radhi wateja, kwa kufoka. Sasa alikuwa amekaa peke yake kwenye kreti, miguu ndani ya ndoo.

Nilikuwa nimebeba bakuli la maji ya yasmini. Ni yale tunayowamwagia wazazi mikononi mwisho wa Songkran, tukiomba radhi na baraka. Kwa Mama nimefanya kila mwaka. Kwa Dada, hata mara moja sijafanya, na yeye ndiye aliyenilea Mama alipokuwa sokoni, ndiye aliyenisomesha, na mimi miaka yote nimemwona ni mtu wa bili na kelele.

Nikapiga magoti kwenye zile pumba.

"Wewe, unafanya nini? Inuka, watu wanaona! Mimi bibi kizee?"

"Lete mikono, Dada."

Akaileta. Imepasuka kwa chumvi na baridi, sijui kwa nini sikuwahi kuiangalia. Nikaimwagia maji taratibu. Nikamwambia anisamehe kwa neno lile la pesa, na kwamba jana nilipiga simu, mara tatu, nikavunja kiapo.

Nilisubiri afoke.   Badala yake akaninyang'anya bakuli, akavuta ukosi wa shati langu la serikali, na maji yote yaliyobaki akanimiminia mgongoni.

Nilipiga ukelele mpaka Mama akatoka mbio, ameshika sweta yake, akiuliza nani kafa.

"Hakuna aliyekufa," Dada akamjibu, akicheka na kulia. "Nambariki mwanao!"